Ganzi Iliyochanganywa

Mlangoni mwa chumba cha kupasulia macho kulining'inizwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: NI MARUFUKU KUMSALIMIA MGONJWA. Daktari Ambwene, mtu wa Mbeya, alikuwa amezunguka mikoa kadhaa akipasua macho, na hakuwahi kuona mahali ambapo wagonjwa wenyewe hudai tangazo la namna hiyo. Lakini katika kituo hiki, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, kila mzee aliyepandishwa mezani alianza na ombi lilelile: akishalala, asitokee mtu wa kumwamkia. Daktari aliona ni ombi lisilo na gharama. Akamwambia nesi aandike.

Aliyekuwa chanzo cha tangazo hilo alikuwa barazani akiota jua. Aliitwa Kornel, mjumbe wa nyumba kumi katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mollo, na alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni kwa sababu upepo wa Ufipa haujali cheo. Jicho lake la kushoto lilikufa mwaka juzi. La kulia lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho kiasi kwamba kazi iliyolibakia ilikuwa moja tu, kumwambia kama ni mchana au usiku, na hiyo nayo jogoo aliifanya vizuri zaidi.

Pembeni yake alikaa mkewe Silvana, ambaye kwa miaka hiyo miwili ndiye aliyekuwa macho ya mjumbe. Mtu akija nyumbani, Silvana alimtaja kwa sauti kabla hajafika, "Karibu, Oswaldi! Unatoka shambani?" ili mumewe apate kusema, "Nilikuona tangu kule." Kwenye mikutano alimkanyaga mguu mara moja kama waliokuja ni wengi, mara mbili kama ni wachache. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza, kwa kuwa mjumbe asiyeona alikuwa na manufaa yake.

Kuhusu jicho la kushoto Kornel alikuwa na maelezo, na maelezo hayo yalikuwa yamesafiri kuliko yeye mwenyewe. "Daktari alikuwa yule Mzungu," alisema kila alipoulizwa. "Akanichoma ganzi, sawasawa, sisikii kitu. Ameshika kisu. Mara Padri anapita mlangoni, ananisalimia. Sasa mimi mtu mzima, Mfipa, nisalimiwe na Padri nilale kimya kama gogo? Nikapiga makofi. Kisu kikakosea njia."

Wasikilizaji walitikisa vichwa. Hakuna aliyemlaumu. Mfipa huamkia kwa kuchutama na kupiga makofi, na anayeamkiwa hujibu hata kama ana mzigo kichwani. Jicho lilikuwa limepotea, lakini heshima ilibaki nyumbani. Hadithi ikapita kijiji kwa kijiji, ikafika Laela, ikafika hadi Matai, na wazee wa Ufipa wakajua kwamba hatari kubwa ya kupasuliwa jicho ni salamu.

Silvana peke yake ndiye aliyejua kwamba siku hiyo hapakuwa na Padri. Alikuwa amesimama chini ya dirisha na furushi la nguo, akasikia kilichosikika, na hayakuwa makofi. Mumewe alipiga ukelele, akamwita mama yake kwa Kifipa, mama aliyezikwa zamani, akimwomba aje amtoe pale. Ganzi haikuwa imeshika. Aliporuka, jicho likamwagika. Walipokuwa wakirudi nyumbani juu ya lori, kichwa kimezungushiwa bendeji, Kornel alikaa kimya mpaka walipokaribia kijijini, kisha akasema, "Padri yule angeweza kusubiri." Silvana akaelewa kwamba hayo ndiyo yaliyotokea. Alimwonea huruma, akayapokea.

Sasa ilikuwa zamu ya jicho la kulia, na la tatu Mungu hakuliweka.

Nesi Atusaye alitoka ndani akikausha mikono. Alikuwa binti wa Tukuyu, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikika.

"Shikamooni, wazee wangu."

Benchi likaitikia, wengine kwa marahaba, wengine kwa makofi.

"Nina neno moja. Hii ganzi tunayowachoma nyuma ya jicho, kwa wengi inatosha. Kwa wengine haisambai. Inakaa palepale ilipochomwa, kama maji juu ya ardhi ngumu. Jicho linabaki na uhai wake, linacheza, na ndani linauma. Kwa watu hao Daktari amekuja na dawa ya pili. Ni unga kidogo tu ndani ya kichupa. Tunauchanganya na ganzi, basi ganzi inapenya kama maji kwenye tuta lililolimwa vizuri. Ila vichupa ni vichache, na kikishafunguliwa lazima kitumike siku hiyohiyo. Kwa hiyo nauliza: kuna aliyewahi kupasuliwa jicho moja, ganzi ikamkataa?"

Silvana akamtazama mumewe. Mumewe akainua kidevu.

"Nesi," alisema Kornel, "dawa hiyo umesema mnaifanyaje?"

"Tunaichanganya, baba."

"Mnaichanganya."

"Ndiyo."

"Umesikia, Zenon? Wanaichanganya."

Mwaka ule neno kuchanganya lilikuwa limeharibika. Mafuta ya taa yalichanganywa na maji, unga ulichanganywa na pumba, na aliyefanya hivyo aliitwa mlanguzi na kujadiliwa mkutanoni mpaka jua likatua. Zenon, aliyekuwa mwisho wa benchi akingoja kupasuliwa naye, alikuwa muuza duka la kijiji hadi msimu wa mavuno uliopita, pale taa za watu zilipoanza kutema cheche na kuzimika zenyewe. Aliyeongoza mkutano wa kumwondoa dukani alikuwa Kornel. Tangu siku hiyo hawakugombana hata mara moja. Walisemezana kwa upole wa kutisha.

"Nimesikia, Ndugu Mjumbe," Zenon alijibu. "Yale yangu yalikuwa maji ya mvua. Pipa lilitoboka."

"Pipa likaingiza maji, likasahau kutoa mafuta."

"Kazi ya Mungu."

Kornel akageukia mahali alipodhani nesi yupo, akaitoa ile sauti yake ya mikutano. "Nesi, serikali yetu inatutibu bure, nasi tunashukuru. Lakini wananchi wa hapa wamechoka na vya kuchanganya. Hiyo wapeni waoga. Mimi nipeni ganzi safi, kama ilivyotoka kiwandani."

Benchi lilinguruma kuunga mkono. Mama mmoja wa Laela, Emerensiana, ambaye jicho lake moja lilikwisha kupasuliwa zamani, alikuwa ameanza kuinua mkono. Akautumia kujikuna shingo.

Silvana alimkuta nesi bombani akisuuza mabakuli. Hakuingia kwenye neno lake moja kwa moja. Alianza na baridi, akapita kwenye maharage yaliyoungua kwa umande ulioganda, akauliza habari za wazazi kule Tukuyu, na nesi akajibu yote hayo akijua kwamba hakuna mtu anayeacha jua na kuja bombani kwa ajili ya maharage.

"Mwanangu," Silvana alisema hatimaye, "yule mzee wangu mwaka juzi hakusalimiwa na mtu."

"Unasemaje, mama?"

"Ganzi ilimkataa. Alilia. Nilikuwa dirishani."

Atusaye akaweka bakuli chini. "Mbona mwenyewe anasema..."

"Anasema."

Nesi akamtazama, akaelewa. Hata kwao kuna wanaume. "Nitamwambia Daktari," alisema.

Alimwambia. Bahati mbaya Daktari Ambwene alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akipelekewa habari za mtu humwendea mwenyewe na kumwuliza mbele ya watu, pasiwe na majungu. Alitoka barazani, akaamkia, akaitikiwa, akasimama mbele ya Kornel.

"Mzee, mkeo anasema mara ya kwanza ganzi haikukushika. Kwamba uliumia sana."

Watu wote walimgeukia Silvana, hata wale wasioona. Zenon akakohoa.

"Eti aliumia?" aliuliza polepole, kama mtu anayeulizia bei.

Kornel hakuharakisha. Alilivuta blanketi, akalikaza. "Daktari, mke wangu alikuwa nje. Hawa wanawake wetu hutuogopea. Nikijikwaa mimi, anachechemea yeye." Baraza likacheka. "Nilisalimiwa. Waulize watu, wanajua."

"Tunajua," benchi likasema.

"Mwanamke kumtangaza mumewe hospitali," aliongeza mmoja, si kwa ubaya, kama anayetaja hali ya hewa.

Silvana aliinamia kandambili zake. Kwa miaka miwili alikuwa amemshika mtu yule mkono mpaka chooni na kumrudisha na cheo chake kikiwa kizima, na leo yeye ndiye mwongo wa baraza. Lilimuuma sana. Alitamani ardhi impokee, na ardhi ya pale ilikuwa saruji.

Daktari aliliona hilo, akamsogelea. "Usihofu, mama. Kabla ya kukata ninapima. Nitamwambia atazame kulia, atazame kushoto. Kama ganzi haijashika, jicho litacheza nami nitaona. Mtu anaweza kusema atakalo, lakini jicho halijui kudanganya."

Silvana akashukuru. Daktari alikuwa msomi na mtu mwema, lakini hakuwa ameishi na Kornel.

Alasiri alimletea ugali wa ulezi na maharage. Akamkuta ameketi kitandani ameelekea mlangoni, mahali jua lilipoingilia, mgongo umenyooka, jasho limemtoka kwenye paji la uso katika baridi ile.

"Mama Cornelia, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Pitisha mkono wako hapa mbele, kwenye mwanga."

"Wa nini?"

"Pitisha tu."

Akapitisha. Kivuli kilipita juu ya jicho la kulia, na jicho likakifuata.

"Limecheza?"

"Limecheza."

"Rudia."

Likacheza tena. Kornel akakunja ngumi na vidole vya miguu, akabana meno, akamwambia aendelee, na Silvana akaendelea kupunga mkono kama anayefukuza nzi, mpaka ikafika mahali kivuli kikapita na jicho likabaki palepale, limekodoa, halina habari.

"Na sasa?"

"Halijacheza."

Kornel alishusha pumzi kwa furaha. "Vizuri. Yule mama aliyepasuliwa leo asubuhi ametusimulia. Daktari anakwambia tazama kulia, tazama kushoto. Mtu mwenye nidhamu hatazami."

Silvana akaiweka sahani juu ya kitanda. Ugali ulikuwa na moto bado, naye hakuona haja ya kumwambia ulipo.

"Baba Cornelia, kipimo kile ni cha kukusaidia wewe."

"Kipimo ni kipimo."

"Ukilizuia jicho, atadhani limekufa ganzi. Atakata. Utasikia, utaruka kama mwaka juzi."

"Sitaruka."

"Uliruka."

"Nilisalimiwa."

Walikuwa wawili tu. Hapakuwa na msikilizaji wa kumridhisha, na bado alilisema. Silvana akahisi uchovu umempanda kutoka miguuni.

Kornel akashusha sauti. "Yule Zenon atakaa mlangoni na masikio yake. Jicho likicheza, nitachomwa hiyo ya kuchanganya. Wakijua ganzi imenikataa hili, watauliza na lile la kwanza. Mimi niliwasimamia watoto wa shule wakichanjwa. Niliwaambia mwanamume halii kwa sindano. Walimu wakiwepo."

"Watoto hawakulia?"

"Walilia wote."

"Na ukipofuka kabisa?"

Kornel alipapasa mpaka akaupata ugali. Akamega tonge, akalitafuna, akalimeza. "Wewe si upo," alisema.

Lilikuwa neno la mapenzi, huenda kubwa kuliko yote aliyopata kumwambia tangu waoane, na Silvana alilipokea kama hukumu. Aliyaona maisha yake yaliyobaki, anataja majina ya wageni kabla hawajafika na kumkanyaga mtu mguu mikutanoni, mpaka mmoja wao azikwe. Alimwogopea mumewe na alimkasirikia, na hakujua lipi lilitangulia. Mumewe alipomaliza kula, yeye aliichukua sahani, akatoka bila kuaga.

Kesho yake jiko la kuchemshia vyombo vya upasuaji lilitoa moshi mweusi tangu lilipowashwa, kwa sababu mafuta yake ya taa, kama ya watu wote mwaka ule, yalikuwa yamechanganywa. Moshi ulipozidi, Daktari akaamuru mlango uachwe nusu wazi. Ndugu wa wagonjwa walikaa nje kwenye benchi. Zenon, kama ilivyotarajiwa, alikuwa amekaa karibu kabisa na mlango.

Kornel aliingizwa, akalazwa, mikono ikafungwa mbavuni kwa kitambaa ili isije ikainuka kumsaidia Daktari. Uso ukafunikwa kwa nguo ya kijani yenye tundu, jicho la kulia likabaki peke yake hadharani. Nesi akalitia matone. Daktari akaingiza sindano nyuma ya jicho, na Kornel hakutikisika hata ukope. Kisha Daktari akalikandamiza jicho kwa kiganja, akasubiri.

"Unasikiaje, mzee?"

"Sisikii kitu."

"Tazama kulia."

Jicho halikutazama.

"Tazama kushoto. Juu. Chini."

Jicho lilitulia katikati ya tundu lake, limemkodolea Daktari bila nia yoyote. Daktari Ambwene akaridhika. Alikuwa amechoma ganzi nyingi, na hii ilikuwa imeshika kupita matarajio.

"Safi kabisa," alimwambia Atusaye. "Nipe kisu."

Silvana alikuwa amesimama kwenye uwazi wa mlango. Uso wa mumewe hakuuona, lakini miguu aliiona, imechomoza upande wa pili wa shuka. Vidole vyote vilikuwa vimejikunja, vimebana, kama vya mtu anayepanda ukuta. Alivijua vidole vile. Ndivyo vilivyokuwa jana alipokuwa akimpungia mkono.

Angeweza kupiga kelele kwamba anadanganya. Jana alisema na akachekwa, na leo Kornel angejibu kutoka chini ya kitambaa kwamba ni mke wake huyo, anamwogopea tu, na Daktari angeendelea. Aliinua macho, akaliona tangazo. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima na kupewa cheti, kwa hiyo hakuwa na kisingizio.

Silvana alichutama pale mlangoni. Akakutanisha viganja, akapiga makofi, taratibu, yale ya heshima yasiyo na haraka, akamwamkia mumewe kwa Kifipa, salamu kamili, tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyomwamkia siku alipoletwa nyumbani kwake akiwa bibi harusi.

Chini ya shuka mikono ya Kornel ikashtuka. Ilijaribu kukutana, kitambaa kikaizuia, basi kila mmoja ukajipigia peke yake juu ya meza, pa, pa, pa. Na jicho likageuka. Liligeuka lote, wazi, kuelekea mlangoni, likautafuta mwanga, likakipata kivuli kilichochutama, likatulia hapo.

Kisu kilikuwa bado hewani.

Daktari alilitazama jicho. Jicho lilitazama mlango. Nesi alitazama tangazo.

"Mama!" Daktari alifoka. "Hujui kusoma?"

"Najua, Daktari."

Daktari akakirudisha kisu kwenye sinia, akainama juu ya tundu la kitambaa.

"Mzee Kornel. Nimekwambia utazame kushoto, hukutazama."

"Sikutaka kukusumbua, Daktari."

"Jicho lako ni zima kabisa. Ningekata sasa hivi, ungesikia kila kitu. Ungeruka, nami ningelipoteza."

Kitambaa kikapanda na kushuka kwa pumzi. Sauti iliyotoka safari hii haikuwa ya mikutano. Ilikuwa ya mtu mzee aliyelala chali.

"Inauma sana, Daktari," alisema. "Inauma sana ile."

"Najua, baba. Nesi, fungua kichupa."

Atusaye alikivunja shingo. Unga ulikuwa kidogo mno, mtu angeweza kuudhania vumbi. Ganzi ikamiminwa juu yake, ukayeyuka mara moja, ikavutwa kwenye sindano na kuingizwa nyuma ya jicho. Daktari akakandamiza tena, akasubiri tena, kisha akaondoa kiganja.

"Sasa nitazame kwa nguvu zako zote. Usinionee haya. Kushoto."

"Natazama."

Jicho halikucheza.

"Kulia."

"Natazama, Daktari. Natazama mpaka shingo inauma."

Jicho lilibaki palepale, limelala, halimjui mwenyewe. Daktari akachukua kisu.

Nje, Silvana alikaa chini ukutani akalia. Alilia kwa sauti, bila kufunika uso, kwa hofu ya jana na ya mwaka juzi pamoja, na kwa aibu ya baraza, na kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepiga ukelele mle ndani. Zenon aliyasikia yote, ya ndani na ya nje. Alisogea kwenye benchi ili ampishe nafasi, akampapasia mahali pa kukaa.

Asubuhi iliyofuata bendeji ilifunguliwa. Nesi alitoa kwenye boksi miwani yenye vioo vinene kama vitako vya chupa, akampachika Kornel masikioni. Kornel akamtazama nesi. Akatazama dirisha, akatazama viganja vyake pande zote mbili kama anayevikagua kabla ya kuvinunua. Mwisho akamgeukia mkewe, akatulia hapo muda mrefu.

"Kumbe kitenge chako ni chekundu," alisema.

"Kilikuwa chekundu. Kimechuja."

"Umekonda, Mama Cornelia."

"Nilikuwa naona kwa watu wawili."

Kornel akakubali kwa kichwa. Machozi yalitoka kwenye jicho lililopasuliwa na kwenye lile lililokufa pia, na nesi akamkataza kwa sababu ya mshono. Akajikaza.

Walitoka pamoja barazani, Silvana amemshika mkono kwa mazoea. Benchi lilikuwa limejaa. Jana zamu ya Zenon haikufikiwa, na leo ndiye wa kwanza. Alikuwa ameoga, amevaa shati la kanisani, amekaa wima.

"Ni nani huyo?" aliuliza Zenon aliposikia viatu.

"Nilikuona tangu kule, Zenon," alisema Kornel, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili ilikuwa kweli.

"Hongera, Ndugu Mjumbe. Nina swali moja."

"Uliza."

"Iliuma?"

Baraza lote likatega masikio. Wazee waliokuwa wakisinzia wakaacha. Silvana alikuwa amesimama na mguu wake karibu kabisa na wa mumewe. Hakuukanyaga.

Kornel akaivua ile miwani. Akaifuta kwa ncha ya blanketi, upande mmoja, upande wa pili, akairudisha mahali pake, akamtazama mkewe kwanza, kisha akamtazama Zenon.

"Safari hii," alisema, "hapana."

Zenon alikaa na mikono juu ya magoti, midomo ikicheza kimyakimya, akilirudia neno lile.

"Safari hii," alisema.

"Safari hii," alisema Kornel.

Tangu mavuno Zenon alikuwa amengoja siku kama hii, siku ya Mjumbe kushikwa na kitu mkononi mbele za watu, na alikuwa amekwisha kutunga hata maneno ya kusema. Hakuyasema. Akasimama, akaupapasa ukuta mpaka mlangoni, mkono wake ukaligusa lile boksi la tangazo, likayumba.

"Nesi," aliita, "mimi nipe ile iliyochanganywa."

Nyuma yake, Emerensiana aliinua mkono, na safari hii hakujikuna.